Risasi ya Kupimia

Radovan alipofika kwa baba yao Jumamosi ile akitokea Bratislava, hakungoja hata kuvua koti. Alimkumbatia dada yake, akamtia mkononi kitu kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa.

"Dada Zlatica, nimenunua bunduki Austria. Nitengenezee risasi basi, wewe ndiye fundi wetu."

"Wewe na bunduki?" Zlatica alicheka. "Si ndiwe uliyezimia siku tulipochinja nguruwe?"

"Nilikuwa na njaa tu!"

Kitambaani mlikuwa na risasi ya kupimia: ganda tupu lililokwisha kupigwa, lisilo na baruti, na kichwa kimechomekwa mdomoni kikilegea. Ukiisukuma chembani, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, na kufunga komeo, kichwa hugota kwenye misokoto iliyochongwa ndani ya mtutu kikarudi ndani kidogo. Ukiitoa, urefu wake ndio unaokuambia risasi za bunduki ile ziishie wapi. Zlatica alishangaa nani kamfundisha mdogo wake, mtu asiyeweza hata kubadilisha balbu.

Alishuka karakanani, chini ya nyumba, akaibana kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia urefu. Akasoma. Akafuta miwani, akasoma tena.

Bunduki mpya haina chemba ya namna ile. Risasi ilikuwa ndefu kupita kiasi. Huo ni urefu wa mtutu uliopigwa miaka na miaka, mpaka moto wa baruti ukaila misokoto na kuisogeza mbele. Na Zlatica aliujua. Ndio aliofundishiwa kwenye meza hiyohiyo akiwa msichana, baba yake Vendelín akimwambia, "Hizi usimpe mtu, zitamkwamia. Ni za huyu bibi kizee peke yake."

Aligeuza kitako cha ganda. Ukingoni palikuwa na mkwaruzo wa komeo, uleule aliouzoea, mahali palepale.

Ilikuwa bunduki ya baba. Mzee alipoanza kupoteza macho, alisema ameisalimisha polisi ikayeyushwe. Zlatica alilia siku ile, na baba akamshika mkono akimbembeleza.

Alipanda juu. Baba na Radovan walikuwa mezani, haluški, vidonge vya viazi na unga, na jibini ya kondoo vikifuka mvuke.

"Baba, hii ni bunduki yako."

Radovan aliinamia sahani. Mzee alitafuna taratibu, akameza.

"Nilimwambia huyu utaitambua tu."

"Ulisema imeyeyushwa."

"Ningesemaje, mwanangu? Ungenuna. Bunduki hii nilipewa na babu yako, naye alipewa na baba yake. Wewe siku hizi una jina la kwa mumeo."

"Nani alikuwa akikupeleka msituni macho yalipofifia? Nani alikujazia risasi?"

"Wewe. Ndiyo maana nikamwambia akuletee. Nani mwingine angezipatia?"

Hapo ndipo palipomchoma. Walikwisha kugawana: mmoja apewe bunduki, mwingine aendelee kuitumikia bila kujua.

"Radovan, ulijua nilivyolia?"

"Baba alinikataza, dada. Keti basi, chakula kinapoa."

Zlatica aliiweka risasi kando ya sahani ya mzee. "Mfundishe mwenyewe." Akarudi chini, akafungua mashine yake ya kujazia risasi kutoka mezani, akaibeba hadi garini. Hakuna aliyetoka kumfuata.

Vuli hiyo Radovan alipiga dume la kulungu kwa risasi za dukani, fupi mno kwa bunduki ile, akalijeruhi tumboni, likapotelea kwenye misonobari. Wawindaji walimpigia simu Zlatica, maana mbwa wake ndiye mwenye pua ya kufuata damu. Alilikuta limelala kijitoni, bado linapumua, akalimalizia mateso.

"Ni hizi risasi, dada," Radovan aliyemfuata nyuma alisema. "Ungenijazia wewe..."

"Kunja mikono ya shati, ulipasue," alimjibu, akamfunga mbwa kamba, akaondoka.

Baada ya hapo baba alimtumia Zlatica ujumbe kwamba bunduki ipo kwake, aje aichukue. Hakuijia. Alijinunulia nyingine, akaanza kuipima chemba yake upya, peke yake.

Kila Alhamisi bado huenda kwa mzee kumtia dawa ya macho. Mzee husubiri kitini, hujikohoza, kisha humuuliza kwa sauti ya kubembeleza, "Hiyo mpya vipi, inataka risasi ndefu au fupi?"

"Inua kichwa, Baba," Zlatica humwambia, "usipepese."