Mipira ya Sufu ya Immaculata

Joho la tano lilipotoka kwenye mashine ya kukaushia lilimng'ang'ania Immaculata mkononi, likatoa cheche na kumpiga shoti kidoleni. Akalitupa mezani, akasonya. Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana, na majoho ishirini na manne ya kwaya yalitakiwa kanisani kesho asubuhi. Yote poliesta tupu, kitambaa kilichoundwa kumuudhi dobi.

Dawa ya shoti aliijua, kama madobi wote wa Buhongwa: vile vikaratasi vya manukato unavyotia mashineni pamoja na nguo. Lakini Pasaka iliyopita alivitumia kwenye majoho ya kwaya. Joho la mwanawe Rose, mwenye pumu, alilikausha peke yake bila manukato, akadhani inatosha. Rose akasimama katikati ya majoho yanayonukia, akakohoa mpaka akatolewa nje kabla hajaimba beti zake. Immaculata aliapa hatavigusa tena.

Ndiyo maana wiki nzima alikuwa akiviringisha mipira ya sufu, sita, mikubwa kama machungwa. Alisikia ukiitia mashineni inapunguza shoti, na unaitumia miezi na miezi. Sasa mbona nguo zinanata kuliko mwanzo?

Kwa hasira akachomoa uzi, akauwashia kiberiti. Sufu ya kondoo huungua kama nywele. Huu uliyeyuka, ukaganda kitone cheusi chenye harufu ya ndoo iliyoungua.

"Plastiki!" alifoka. "Mhoja, umeniuzia plastiki ukaniapia kondoo!"

Mhoja alikuwa sokoni na meza yake ya nyuzi, hana habari. Aliyesikia ni Getruda, mwenyekiti wa kwaya, aliyekuwa anaingia mlangoni.

"Mama Rose, si utie tu vikaratasi? Hatuwezi kwenda mbele ya askofu nguo zimeganda mapajani. Beti za Rose, mwenzake Brightness anazijua."

Immaculata alilinyakua joho mezani. Mtoto amefanya mazoezi miezi miwili, leo anatolewa kwa ajili ya pindo la nguo!

"Majoho mtayapata," alisema. "Na Rose ataimba."

Getruda alipoondoka, Immaculata alisuuza majoho yote upya kwa maji yenye siki, ambayo nayo hupunguza shoti, akayatoa mashineni yangali na unyevu, akayatundika kwenye kamba humo humo dukani, maana nje vumbi la barabara lisingeyaacha meupe. Alitanguliza ya watu, la mwanawe likabaki mwisho. Lilipofikiwa, chupa ya siki ilikuwa tupu. Alitukana kwa Kihaya, akalisuuza kwa maji matupu.

Jumapili majoho ishirini na matatu yalishuka vizuri. La Rose lilimganda miguuni, na alipopiga hatua mbele ya wenzake likapanda hadi magotini. Mtu nyuma akacheka.

Getruda akageuka kwenye benchi. "Mama Rose, mwonyeshe ishara alishushe!"

Rose alikuwa amekwisha kuvuta pumzi, ndefu, bila kikohozi, na sauti yake ikajaa kanisa.

"Mwache," alisema Immaculata, machozi yakimtoka. "Anapumua."