Kisanduku Chenye Sauti ya Nimia

Roboti wa kampuni anaitwa Vale. Kawekewa picha ya msichana mwenye meno mazuri, na ukimwandikia chochote anakujibu, "Nakuelewa kabisa!"

Nikamwandikia: kisanduku changu cha kuhifadhia mafaili kimewasha taa nyekundu.

"Nakuelewa kabisa! Ungependa kununua kipya?"

Hapana. Nataka vilivyomo ndani visipotee.

"Nakuelewa kabisa! Umejaribu kukizima na kukiwasha?"

Nikamwandikia: Vale, mimi ni ng'ombe, nimezama kwenye tope mpaka shingoni.

"Nakuelewa kabisa!"

Nikacheka pale jikoni, kwa sauti kubwa. Halafu nikanyamaza, maana nyumba nzima hamkuwa na mtu wa kumsimulia.

Sisi watu wa Villarrica tunajulikana Paraguay yote kwa mizaha, na mimi hata hapa nyumbani wananiona nimezidi. Nilipokuwa Asunción nasomea elektroniki, masomo ambayo sikuyamaliza (usiniulize, kila mtu kashaniuliza), nilikuwa nampigia mama simu kwa sauti za watu wengine. Leo mimi afisa wa serikali nahesabu kuku wa wilaya. Wiki ijayo mimi muuza majeneza mwenye punguzo la msimu. Mama, jina lake Nimia, alikuwa ananijibu kwa heshima zote, ananipa takwimu za kuku, anaulizia kama jeneza linakuja na vishikio, kisha anamshushua yule afisa mpaka afisa mwenyewe nashindwa kujizuia. Zote nilizirekodi. Nilikuwa nawasikilizisha wenzangu bwenini tunacheka mpaka tunagaragara.

Mama alifariki mwaka juzi. Hakuacha video, hakupenda kamera, alisema inamnenepesha. Kwa hiyo ukitaka kumsikia Nimia akiongea, ziko zile rekodi tu, na rekodi zimo kwenye kisanduku. Kompyuta ya zamani iliungua. Kisanduku chenyewe nilikinunua Ciudad del Este kwa sababu muuzaji aliniambia kina diski mbili, na kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye mwenzake, ili moja ikifa, inayobaki ikumbuke kila kitu. Nikaona hii ndiyo. Nikakiunga na intaneti, nikakiweka sebuleni juu ya kabati la vyombo vya mama, kikawa kinawasha taa zake mbili za kijani, mimi nikawa napita naenda kulala.

Sasa moja imekuwa nyekundu.

Nikampigia muuzaji. Lile duka siku hizi linauza manukato. "Kisanduku gani, mkuu?" akaniuliza. "Mimi nina marashi ya Kifaransa, yametengenezwa hapahapa."

Nikafungua kitabu cha maelekezo. Kimetafsiriwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Sehemu ya kubadilisha diski imeandikwa: "Sukuma diski kwa upole mpaka aseme. Usimwache peke yake akiwa anajijenga." Basi. Ukurasa unaofuata ni namna ya kukifunga ukutani. Kwenye tovuti yao kuna kitabu kingine, kikubwa, kimejaa picha, ila kinahusu kisanduku chenye diski nne na skrini. Changu kina mbili, skrini hakina. Nikawaandikia kuwauliza. Wakanijibu wamefurahi kusikia kutoka kwangu, na wakaniambatanishia kitabu kilekile.

Niliendelea kumsumbua Vale mpaka akachoka, kama roboti huwa wanachoka, akanipa mtu. Mtu akajiita Yeison.

"Habari ya mchana, bwana Wilfrido. Naona tatizo lako limeshatatuliwa na Vale."

"Kaka, Vale kanielewa tu. Hajatatua kitu."

Akaandika, "Pole sana. Huyo anatuelewa hata sisi."

Hapo nikampenda. Akaniambia ninunue diski mpya ya ukubwa uleule, niitoe iliyokufa, niiweke mpya, na ile nzima itaanza kumsimulia mwenzake yote inayoyajua. Kazi hiyo ni ya siku nzima, pengine zaidi. "Ila umeme usikatike," akasema. "Hilo kwenye kitabu halimo, mimi nakwambia tu."

"Ukikatika?"

"Usikatike, bwana Wilfrido."

Diski nikaipata kwa fundi mmoja karibu na soko. Nikaisukuma kwa upole, haikusema kitu, lakini taa ikaanza kupepesa rangi ya chungwa. Nikakaa kuiangalia asubuhi nzima na birika la maji ya barafu, nakunywa tereré, yale majani yetu ya maji baridi na mrija, peke yangu, jambo ambalo kwetu ni kama kucheza karata peke yako. Inawezekana, ila hupati raha yake. Mchana nikaenda kazini. Kazi yangu ni redio. Nasoma matangazo ya bucha, ya matairi, na ya vifo, na kwa hayo ya mwisho nina sauti yake maalumu.

Asubuhi ile mbingu ilikuwa nyeupe kwa joto. Niliposhika maikrofoni ikawa imegeuka rangi ya zambarau upande wa vilima. Upepo ukageuka, ukaja na ile harufu ya vumbi lililolowa. Radi ya kwanza ikapiga.

Sijui wengine mnafanyaje. Sisi hapa, radi ikipiga, mtu hafikiri. Mkono unakwenda wenyewe. Unachomoa friji, unachomoa televisheni, unachomoa feni hata kama inakupepea, unafunika vioo kwa shuka visiite radi ndani. Mtoto anajua kuchomoa kabla hajajua kuchomeka. Kwa hiyo nikasimama, nikachomoa mashine ya kahawa, nikachomoa spika, nikachomoa kompyuta ya matangazo, nikabaki nimesimama katikati ya studio na plagi mkononi.

Ndipo nikakumbuka nyumbani kuna mtu mwenye ufunguo.

Nilikimbia. Baiskeli niliiacha. Mvua ikanikuta pale kwenye kanisa, ile ya matone mazitomazito. Nilikuwa nakimbia naomba, namwomba Mungu amtie Ña Deolinda, yaani Bi Deolinda wa jirani, uvivu, amlaze, amfungulie tamthilia nzuri. Lakini ukitaka radi imkute Ña Deolinda amelala, subiri sana. Amekuwa jirani yetu tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kuacha nyumba yetu iungue.

Nikamkuta sebuleni amekaa kwenye kiti cha mama. Kioo kimefunikwa shuka, televisheni imefunikwa kitambaa cha meza. Nyaya zote zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Kisanduku kakichomoa, kakifuta vumbi, na juu yake katandika taulo la vyombo.

"Umelowa kama bata," akasema. "Nimewahi, mwanangu! Hiki kitu chako kilikuwa kinapepesapepesa kwa hofu. Nikakiambia tulia, nakuzima sasa hivi."

Nilisimama maji yananichuruzika sakafuni.

"Nimefanya vibaya?"

Mdomo wangu huwa una jibu kwa kila kitu. Nimewahi kumdanganya kasisi, polisi, na mkuu wa kitivo kwa siku moja. Lakini uongo ule ndio ulionitoka kwa shida kuliko wote.

"Umefanya vizuri, Ña Deolinda. Umekiokoa."

"Nilijua. Na mle ndimo alimo Nimia, si ndiyo? Uliniambia utanisikilizisha."

"Kesho," nikasema. "Leo kina baridi."

"Kina baridi! Ehe, na wewe ukikaa hivyo utakuwa nayo. Nenda kabadilishe hilo shati, we kichaa."

Mvua ilipopita nikachomeka. Taa zote mbili nyekundu. Kwenye kompyuta kukatokea maneno: "Diski mpya zimepatikana. Tayarisha." Na chini yake kitufe kimoja tu, kimeandikwa "Sawa." Cha kukataa hakipo. Aliyetengeneza kile kitu hakuwaza kwamba kuna mtu anaweza kuwa na la kusema.

Nikampitia Vale tena, nikamwambia mimi sasa ni ng'ombe aliyekufa, akanielewa, nikampata Yeison.

"Bonyeza Sawa, bwana Wilfrido," akaandika.

"Nikibonyeza, vilivyomo vinabaki?"

Akachelewa. Namwona anaandika, anafuta, anaandika.

"Maelekezo yanasema diski zitatayarishwa."

"Zitatayarishwa maana yake nini? Zitafutwa?"

"Maelekezo hayasemi."

"Yeison, ndani kuna mama yangu."

Nikafikiri kaondoka. Halafu ikaja mistari miwili, haina hata bwana Wilfrido: "Mimi ningekuwa wewe nisingebonyeza. Chomoa zote, ziweke mahali pakavu, na mtu yeyote wa kampuni akikwambia ubonyeze, hata mimi, usibonyeze."

Nikaanza kumwandikia ahsante. Skrini ikasema mazungumzo yamefungwa kwa kuwa tatizo limetatuliwa. Kesho yake nikamwuliza Vale yuko wapi Yeison. Akanielewa kabisa. Fundi wa soko aliniambia kuna mtu Asunción anaweza kujaribu kuzifungua, yaani kujaribu tu, na bei yake ni kama ya nyumba yangu. Nikazifunga diski mbili kwenye mfuko wa mkate, nikaziweka kabatini. Si hai, si maiti. Sijabonyeza.

Alasiri Ña Deolinda akaja. Kavaa gauni la kanisani, kachana nywele, kaleta chipa nne, vile vimkate vya jibini, kwenye leso na birika lake la barafu. Akakaa. Akapanga mikono mapajani kama anayesubiri misa ianze.

"Haya," akasema. "Niwekee Nimia."

Ningeweza kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikaiona mikono ile na leso ile, nikasema, "Spika iko chumbani. Kaa hapohapo, usije, sauti inatoka vizuri kwa mbali."

Nikaingia chumbani, nikavuta pazia la mlangoni. Nikakaa kitandani kwa mama. Nikaanza na afisa wa kuku, huyo namjua.

"Habari za asubuhi, mama, tunahesabu kuku wa wilaya. Wewe unao wangapi?"

Halafu nikageuza koo. Sikuwahi kumwiga mama maishani, jamani. Nilimwiga dunia nzima ili yeye acheke, yeye mwenyewe sikumgusa. Nikajaribu: "Kuku? Wa kwangu au na wale wanaokuja kula kwangu?" Ikatoka nyembamba mno. Nikaishusha. "Maana kuna kuku wa jirani, mheshimiwa, wale wanakula hapa, wanataga kwao."

Sebuleni nikasikia kicheko kimetoka puani.

"Mwongo!" akasema Ña Deolinda. "Nimia, mwongo mkubwa we! Yule mwekundu alikuwa anataga kwako kila siku, na mayai ulikuwa unakula wewe!"

"Mheshimiwa," nikasema kwa sauti ya mama, na safari hii ikakaa vizuri, ikanitisha, "ukimwona huyo jirani, muulize jogoo wangu alienda wapi."

"Alikufa kwa ugonjwa!"

"Ugonjwa wa sufuria."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nimeuma mto nisicheke. Kwa muda kidogo nyumba ilikuwa na watu watatu. Au wanne, ukimhesabu na afisa.

Kisha kicheko kikaisha polepole, nikasikia anamimina maji kwenye majani, anavuta mrija mpaka ukalia. Alipoongea tena sauti ilikuwa chini. Hakuwa anaongea na mimi.

"Nimia. Wanangu hawapigi. Wako Buenos Aires wote watatu, wananitumia picha za keki. Wako alikuwa anakupigia japo kukudanganya. Saa hizi za tereré najaza birika la watu wawili. Kila siku nalijaza, kila siku namwaga. Wewe ulipobaki mwenyewe, mumeo Basilio alipofariki, ulifanyaje? Sikukuuliza. Tulikuwa tunaongea kuku tu. Ulifanyaje, Nimia?"

Nilikuwa nimekaa na mdomo wazi, sauti ya mama iko tayari kooni, ya moto. Na sikujua. Simu zote zile, na mimi sikuwahi kumwuliza kwa sauti yangu unaendeleaje. Nilikuwa najua angemjibu nini afisa, muuza majeneza, mkaguzi wa mita. Hili sikujua angejibu nini. Nikaliangalia pazia. Chini yake naviona viatu vyake vya kanisani, vimesimama pamoja, vinasubiri.



"Imekatika?" akauliza.

"Ndiyo, Ña Deolinda," nikasema kwa sauti yangu. "Imekatika."

"Aa. Basi." Kiti kikalia. "Hivi vitu vya siku hizi."

Nikamsikia anafunga chipa zilizobaki, anafungua mlango, anashuka ngazi moja moja. Birika kaliacha mezani. Nilipotoka lilikuwa bado limejaa nusu, barafu imeshayeyuka.