Farasi Nje, Farasi Ndani

Miaka ile redio ilipokuwa ikitueleza kwamba soko sasa ni huria, sisi wa Makambako tulikuwa tumeshaona wenyewe: kila kitu kilikuja, na kila kitu kilikuja kwenye boksi la kitu kingine. Hasa kaseti za gemu. Unanunua yenye picha ya ndege, ukiichomeka unakuta kifaru cha vita. Iliyoandikwa gemu mia tisa ina gemu sita, zinajirudia kwa majina mapya kama wanasiasa waliohama chama.

Mimi nilikuwa nimemaliza fomu foo na kukosa cha kufanya, basi nikawa mtunza orodha. Nilikaa kwenye ukumbi wa gemu wa Mzee Zubeiri, karibu na stendi, na kaunta buku, daftari nene lenye kila kaseti iliyojulikana kuanzia Makambako hadi Njombe: picha ya nje, gemu la ndani, mwenye nayo, na alama ya uadimu. Moja maana yake zipo kama viazi. Tano maana yake haina ndugu. Watu walibadilishana kaseti kwa alama zangu, na mshahara wangu ulikuwa kucheza bure. Mzee Zubeiri aliniita Katibu, kwa sauti ile ile aliyowaitia kuku wake.

Ili kuvuta watu, alibandika tangazo ukutani: mwenye kaseti ya alama tano ailete, apewe mashine mpya ya gemu. Alilibandika kwa moyo mweupe kabisa, maana kwenye kitabu changu hapakuwa na tano hata moja.

Ndipo akaja Dionis wa kijiji cha Yakobi, mtoto wa katekista, kaseti kaifunga kwenye leso. Akampa Mzee shikamoo, sisi wengine akatugawia kamwene, salamu ya kwetu. Nje ya kaseti, picha ya farasi. Nikaichomeka nikisubiri kifaru. Akatoka farasi.

Hatukuwahi kuona kaseti ikisema kweli.

Dionis hakuja kutafuta sifa. Baba yake alishamwambia Pasaka ikimkuta bila kazi, anakwenda Kifanya kupasua mbao kwa mjomba. Alishajaribu likizo moja, na kwa wembamba wake, mbao ndizo zilizompasua yeye. Dada yake Lidia alikuwa na chumba mjini Njombe, na tivii. Akipata mashine, anafungua ukumbi wake.

Mzee Zubeiri akasema tusiwe na haraka, alama tano ni jambo kubwa, turudi Jumamosi. Jumamosi lori la Dar likashusha katoni aliyoiagiza. Ndani yake kaseti za farasi, zimebanana kama dagaa.

"Haya, Katibu," akasema. "Ya mwenzako sasa ina ndugu wangapi? Andika moja."

Dionis akatazama viganja vyake. Nadhani alikuwa anaziona mbao.

Na mimi nilipenda kucheza bure. Lakini orodha ilikuwa na safu ya nje na safu ya ndani, na ya ndani haijazwi kwa macho. Nikamwambia Mzee lazima nizionje.

Ya kwanza, kifaru. Ya pili, kifaru. Ya tatu ilikuwa mpira, tukashtuka kidogo, kisha vifaru vikaendelea. Mzee akavuta kiti, akawa anazipuliza na kuzichomeka mwenyewe, kana kwamba farasi amekwama mlangoni. Tukafika chini ya katoni.

"Labda wamelala," nikasema.

"Nyamaza, Katibu."

Nikaandika tano kwa Dionis, na moja kwa katoni nzima, nikajiandaa kufukuzwa. Mzee akasoma. Akachungulia tangazo lake, na wapiga debe waliojazana mlangoni nao wakalichungulia. Mfanyabiashara wa Makambako anaweza kupoteza mashine; jina halipotezi mbele ya stendi. Akashusha boksi jipya kutoka rafuni.

Dionis akaacha kaseti mezani, akalipokea boksi kwa mikono miwili, akashukuru. Lakini hakuondoka.

"Samahani, Mzee. Naomba tulifungue."

"Huniamini, kijana?"

"Wewe nakuamini, Mzee. Boksi ndilo silijui."

Mzee akachukua kisu. Mashine ilikuwamo, na waya zake, na pedi mbili. Hata yeye alionekana kushangaa.

Nikafungua ukurasa mpya: nje mashine, ndani mashine. Alama tano.