Gome la Shangazi Maabarani

Umeme ulirudi Visahani akiwa anavaa glavu. Wenzake maabarani walimbandika jina hilo kwa sababu kila ukimtafuta utamkuta amevinamia visahani vyake vya kioo, vyenye bakteria wanaosababisha watoto kuharisha. Alitoa kimoja kwenye kabati la joto, akakiinua kwenye mwanga. Kuzunguka tone la dawa palikuwa peupe kabisa. Bakteria hakuna hata wa dawa.

Dawa yenyewe ilitokana na gome alilokuwa akichemsha shangazi yake, yule aliyemlea. Mtaa mzima ulikunywa kwake, maana zahanati ilikuwa ikiwapa watu ushauri tu.

Kisha akageukia chupa za jaribio la pili. Humo alikuwa ametia dawa pamoja na kamba wachanga wa baharini, wadogo kama vumbi, apime kwao kama dawa ina sumu. Wote walikuwa wamelala chini. Ndivyo ilivyokuwa mara ya kwanza pia, akadhani amekosea. Safari hii aliizimua dawa kwa maji mengi, na bado walikufa. Akavuta kiti, akaketi.

Mkuu wa maabara alipita, akaona visahani, uso ukamnawiri.

"Hongera, binti. Wafadhili wakija kesho waonyeshe hivi. Hizo chupa zisubiri."

"Mkuu, watu wanainywa hii."

"Najua. Lakini tukianza na habari za sumu, nani atatupa vifaa?"

"Nitaviweka vyote mezani, visahani na chupa," alisema kwa upole, akavua glavu.

Alimkuta shangazi mlangoni pa jiko, sufuria inatokota, watu wamepanga foleni na vikombe vyao. Akamvuta pembeni, akamweleza yote.

"Una hakika?" shangazi aliuliza.

"Nimerudia, shangazi. Kamba si watu, lakini siwezi kungoja niyaone madhara kwa watu."

 Shangazi akaipua sufuria, akaimwaga yote mtaroni mbele ya macho ya waliopanga foleni.

"Binti yangu ndiye aliyeipima," aliwaambia. "Akisema isinywewe, haitanywewa hapa."

Mama mmoja, mtoto amemlegea begani, akasema taratibu, "Sasa tufanyeje, shangazi? Kule zahanati wametufukuza."

 Shangazi aliingia ndani, akatoka amevaa viatu. "Mpe maji ya chumvi na sukari njiani," alimwambia, kisha akatangulia kuelekea zahanati. Foleni ikamfuata na vikombe vyake, Visahani akiwa amembeba yule mtoto.

Dirisha la dawa lilikuwa limefungwa. Shangazi akabisha mpaka mgawa dawa akafungua nusu.

"Mama, tuliwaambia. Dawa zimekwisha."

"Hata yangu imekwisha leo," shangazi alisema, akaketi kwenye benchi. Visahani akaketi kando yake na mtoto mapajani. Wengine, mmoja mmoja, wakaketi sakafuni hadi mlangoni, na hakuna aliyeonyesha dalili ya kuondoka.