Panya wa Saba

Panya namba saba alikuwa anaogelea, masharubu juu ya maji, nami nimesimama kando ya beseni, jasho likinitoka, nikijaribu kukumbuka kama asubuhi ile nilimchoma sindano.

Maji tuliyatia unga wa maziwa yakawa meupe, tukaficha jukwaa dogo chini yake. Panya kijana akiligundua leo, kesho analiendea moja kwa moja. Mzee huzunguka, huzunguka, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Daktari wa maabara, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, aliwarudishia majike wazee homoni iliyowapungukia, aone kama kumbukumbu nayo itarudi. Hakutakiwa kujua nani kapata dawa na nani kapata mafuta matupu. Siri hiyo ilikuwa kwangu mimi, mtunza panya.

"Hawa ni wenzangu," nilizoea kumtania. "Ukiwacheka, umenicheka mimi."

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Joto lilinipanda kifuani mchana kweupe hadi nikawa naingiza kichwa kwenye friji ya dawa. Hilo nililifanyia mzaha. Lakini wiki moja kabla, nilisimama kwenye mtaa nilioishi miaka kumi na minane, mfuko wa vitunguu mkononi, nisijue nikate kulia au kushoto. Hilo sikumwambia mtu. Mama yetu alianza hivyohivyo. Mwisho alikuwa akiniita "wewe binti wa watu".

Sindano kumi zilikuwa tupu kwenye trei. Alama daftarini zilikuwa tisa, na ya namba saba haikuwapo. Ama namba saba nilimchoma nikasahau kuandika, ama kuna mwenzake aliyechomwa mara mbili.

Panya akakata maji, akapanda jukwaani, akajikung'uta.

"Umemwona, mama?" daktari akasema, sauti imemtetemeka kwa furaha. "Kama katumwa. Miaka miwili namtafuta panya wa namna hii."

Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Alama moja tu, nani angejua? Nikimwambia, kazi ingeniponyoka. Na jambo lenyewe, likishatamkwa, lingekuwa kweli.

"Daktari, sijui kama nilimchoma."

Akacheka. "Leo umeanza mapema."

"Sitanii. Sikumbuki. Na wiki iliyopita nilipotea njia ya kwangu."

Alimfunga panya kwenye taulo, akamkausha taratibu, hadi masikio. Kisha akanisogezea kiti chake mwenyewe. "Kaa, mama."

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenipeleka hospitali. Mganga wa kule, mama mtu mzima, hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Huenda ni homoni tu," alisema. "Wengi wa umri wako hupita kwenye ukungu huu wakatoka. Huenda pia ni maradhi ya mama yenu. Tupime."

Tukakaa kwenye benchi kusubiri majibu. Dada alikuwa akiikunja kadi yangu na kuikunjua, hadi pembe zikalainika. Nikaona nimchangamshe, kama nilivyomchokoza tangu utotoni. Nikamgeukia.

"Samahani, dada, na wewe umekuja na mgonjwa gani?"

Hakucheka. Kadi ikamwanguka. Akanishika kidevu, akanitazama jicho hili, kisha lile.

"Nakutania," nikasema.

Akaendelea kunitazama.