Bwana Notisi na Ufunguo wa Akiba

Watoto wa mtaani wamempa mume wangu jina la Bwana Notisi, na hawajamwonea. Tuna nyumba yetu na vyumba vya kupangisha uani, na tangu anioe sijamwona akimvumilia mpangaji mwenye dosari. Umeanika nguo kwenye kamba ya mwenzio? Notisi. Umecheka kwa sauti wakati wa taarifa ya habari? Notisi, tena yenye muhuri.

Basi saratani ya tezi dume ilipomkuta, ikiwa imeshafika mifupani, aliipokea vilevile. "Itoke," alimwambia daktari. Daktari, mwanamke wa umri wa binti yetu mkubwa, alimweleza wazi kwamba hii haitoki yote, ila inaweza kubanwa muda mrefu. Akamwandikia vidonge. Loo, vilifanya kazi! Maumivu ya kiuno yakapungua, kipimo cha damu kinachoonyesha nguvu ya saratani kikateremka, mzee akaanza tena kufokea watu uani. Nikajua hali ni nzuri.

Halafu daktari akasema, "Sasa tuache dawa kwa muda."

"Heh!" Mume wangu akanigeukia. "Mama watoto, umesikia? Adui anakimbia, mwenzetu anasema tukae kitako tupumzike."

Daktari alicheka, akavuta kiti karibu. Akasema seli za saratani hazifanani. Nyingi zinasikia dawa, lakini katikati yao kuna chache zilizobadilika zikawa sugu, hata uzimwagie nini. Tukizipiga zinazosikia mpaka ziishe, zile sugu zinabaki na chakula chote na nafasi yote, zinazaana, na hapo kidonge hakina tofauti na peremende. Tukiziacha baadhi ya zinazosikia, zinagombania nafasi na zile sugu, zinazibana. Kipimo kikipanda, tunarudi na dawa. Njia yenyewe bado inafanyiwa utafiti, na yeye haahidi kitu. "Lakini kwako naona inafaa, baba, ukikubali."

Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Nami niliporudi nyumbani nikavifungia vidonge vilivyobaki kwenye kabati langu la vyombo, ufunguo nikautia mfukoni, nikajiona mjanja kweli.

Tulipokwenda kupima tena, kipimo kilitakiwa kiwe kimeanza kupanda. Kilikuwa kimeshuka. Daktari aliitazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. "Ajabu. Dawa hanywi, na bado kinashuka?"

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anasoma bango la kunawa mikono kama mtu mwenye mtihani kesho.

Mjinga ni mimi. Mwenye nyumba ana ufunguo wa akiba wa kila kitasa, halafu mimi nikadhani kabati langu limesamehewa! Nilimsema palepale, mbele ya daktari, wala sikujali nani ananisikia ukumbini. Daktari safari hii hakucheka. "Baba, kila kidonge ulichokunywa kimeua zile zinazosikia. Zimebaki za aina gani, sijui. Tutajua siku tukirudi kwenye dawa, kama itafanya kazi au la."

Tulipofika langoni kwetu tukakuta hakupitiki. Pikipiki mbovu za Mahakama zilikuwa zimeziba njia. Mahakama ndiye mpangaji wetu pekee aliyebaki, na jina hilo kajipatia mwenyewe, maana kila notisi anaijibu, "Tutaonana mahakamani." Hapo ndipo nilipolipuka.

"Haya, Bwana Notisi! Fundi cherehani alikuwa na kosa gani? Eti mashine yake inapiga kelele. Ukampa notisi, akasikia, akatoka. Wale maharusi je? Walisikia, wakatoka. Wote wanaosikia umewamaliza. Amebaki nani?"

Mbwa wa Mahakama akabweka kutoka chumba kilichokuwa cha maharusi.

"Na vyumba vyao kajaza nani?"

Nilitegemea anijibu, maana mdomo anao. Badala yake alikaa juu ya pikipiki moja, mtu mzima na suruali yake ya kutokea, akafunika uso kwa viganja. "Naogopa," akasema. "Nikijua zimo ndani yangu, na mimi nimekaa tu sizigusi, naogopa, mama watoto."

Hasira zote zikaniishia. Nikakaa kwenye pikipiki ya pili. "Hata mimi naogopa. Tena kuliko wewe. Wewe ukiondoka, ni mimi nitakayebaki na Mahakama."

Alicheka huku machozi yanamtoka. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba wa kabati langu, akanipa.

Wiki hiyohiyo alikwenda mwenyewe kumbembeleza fundi cherehani arudi. Fundi akarudi na mashine yake, meza yake ya pasi na wateja wake, akazisukuma pikipiki kando, akapanga viti pale zilipokuwa. Mahakama akalalamika sana, lakini nafasi ya kutandazia vyuma vyake ilikuwa imekwisha. Mume wangu akikaa barazani, ile mashine ikinguruma, ananitazama, anameza maneno yake.

Kipimo kikapanda. Tukarudi kwenye vidonge, na sasa roho zetu zilikuwa mkononi. Je, zimebaki zinazosikia, au mzee alishazimaliza kwa ufunguo wake? Siku ya majibu sikuweza hata kukaa. Nilisimama nyuma ya kiti chake nimemshika mabega.

Daktari akasoma, akainua uso. "Kimeshuka, baba. Bado zinasikia."

Nililia kwa sauti, bila haya. Daktari akanipa karatasi laini, akasubiri nitulie, kisha akasema yale tuliyojua atayasema, kwamba tuache tena dawa kwa muda.

Mume wangu akainama akavua kiatu. Nilidhani kina kokoto. Akachomoa kifunguo kidogo, akakiweka mezani mbele yetu sote.

"Hiki ni akiba ya akiba," akasema. "Sijakitumia hata mara moja. Lakini najijua."

Nikakichukua. Kilikuwa bado na joto la mguu wake.