Mahari Iliyoachwa Majini

Mwezi wa Julai mwaka 1996 nilikwenda Githongo, kwenye milima ya Meru, pamoja na mpwa wangu Njiru kumwombea mke. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki, na mimi, mjomba wake, nilikuwa nimefundisha shule kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa hiyo ukoo uliniteua niwe msemaji, ukiamini kwamba mwalimu haishiwi na maneno. Siku ile yaliniishia.

Mzee Muthamia, baba yake Karambu, binti tuliyemwendea, alitupokea kwa uji wa wimbi na kwa sala. Tulipokwisha kuitikia amina, akauliza swali ambalo kila baba anayejua wajibu wake huuliza.

"Kijana ana mifugo mingapi?"

"Njiru ni mvuvi, muthoni," nikajibu, nikimwita kwa jina la heshima la wakwe. "Anavua katika lile bwawa kubwa la mto Tana, kwetu Mbeere."

"Sikuuliza afanya nini. Nimeuliza mifugo."

"Mifugo yangu ni samaki," Njiru akasema kabla sijamzuia.

Karwirwa, dada yake Muthamia, alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliweka kikombe chake chini polepole. Watu wa milimani wa rika lake hawakulelewa kula samaki. Tangu utotoni waliambiwa kwamba samaki ni ndugu yake nyoka.

"Basi mtoto wetu anaolewa kwa nyoka," akasema.

"Nyoka wangapi?" Muthamia akauliza. "Hilo ndilo sijaambiwa. Mimi nina mibuni mia nne na ishirini, nimeihesabu. Nina ng'ombe saba, na nitakutajia majina yao. Wewe, kijana, samaki wako ni wangapi, na nani amewaona?"

"Hawaonekani, mzee. Wako chini ya maji."

"Basi huna."

Karambu akachungulia kutoka jikoni. "Baba, mimi nimemkubali mtu. Sikuwakubali samaki."

"Utamkubali tukishaona boma lake."

Ni desturi, wala si ya kulaumiwa, wazee wa upande wa binti waende kuliona boma la kijana. Muthamia akaweka siku: Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Akiwaona samaki wakiwa hai mahali pao, shauri litaendelea. Asipowaona, jina la Karambu lisitajwe tena na watu wa kwetu.

Njiru hakulala vema juma lile. Kisha akasikia kwamba mjini Embu, katika duka la Mwaniki linalouza nyavu, kamba na redio, zimefika mashine zinazoonyesha samaki walio chini ya maji. Akauza baiskeli yake. Nami nikafuatana naye, kwa maana kijana aliyeshikwa na mapenzi hapaswi kununua kitu chochote peke yake.

Mwaniki alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa na ukubwa wa sanduku la nguo la mwanafunzi wa bweni.

"Hii, mwalimu, ndiyo baba yao," akasema akiipigapiga mgongoni. "Inatumia betri ya gari."

"Mashua yako ina urefu gani?" nikamwuliza Njiru.

"Futi kumi na mbili. Na inavuja."

"Tukiweka betri ya gari, mkwe tutamweka wapi?"

Mwaniki akafikiri. "Mkwe anaweza kuipakata."

Akaiwasha. Papo hapo kioo kikajaa picha za samaki, wakubwa kwa wadogo, wakipita kama watu watokao kanisani.

"Samaki hawa wako wapi?" nikauliza.

"Ni mfano tu, mwalimu. Imetengenezwa hivyo ili mteja aone."

"Mjomba, tuchukue hii!" Njiru akasema, macho yakimng'aa. "Hata bwawa halihitajiki!"

Nikamwamuru atoke nje akapunge upepo.

Mashine ya pili haikuzidi kitabu cha nyimbo za kanisa. Ilikuwa na mkanda wa kubebea, nafasi ya betri sita za tochi, na waya wenye kichwa cheusi kinachotumbukizwa majini. Kichwa hicho, Mwaniki akaeleza, hupiga sauti tusiyoisikia, kisha husikiliza mwangwi wake. Sauti ikigonga samaki na kurudi, picha yake hutokea kiooni na mashine hulia. Niliipeleka juani mlangoni, kioo kikasomeka. Niliibeba kwa kidole kimoja, ikabebeka.

"Nayo haikosei?"

Mwaniki akatazama huku na huku, akashusha sauti, kwa maana nilikuwa nimemfundisha darasa la tano. "Zote hukosea, mwalimu. Mwangwi ni mwangwi. Majani ya majini, mapovu, gogo lililozama, vyote vyaweza kuchorwa samaki. Ndiyo sababu hii ndogo ina kidude hiki cha kuzungusha, kama cha sauti ya redio. Ukikizungusha juu, kila jani huwa samaki. Ukikishusha, hubaki samaki mwenyewe."

"Na ile kubwa?"

"Ile hujipima yenyewe. Nayo ni karimu."

"Tupe isiyo karimu," nikasema.

Njiru alinung'unika njia nzima hadi nyumbani.

Jumamosi ikafika. Muthamia alishuka kutoka milimani akiwa na kofia, koti la ibada, na daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Karwirwa alibeba kikapu cha mukimo, viazi na mahindi vilivyosongwa pamoja, kwa kuwa hakukusudia kuonja chochote kitokacho kwa watu wa samaki. Sisi wanne tukapanda mashua; Karambu, aliyefuatana nao, akabaki ukingoni, mikono kifuani, akitutazama kama msimamizi wa mtihani.

Kichwa cheusi kilikuwa na mpira wa kujinatisha, lakini ubao wa mashua ulikuwa na mikwaruzo mingi, mpira ukakataa kushika. Njiru akakifunga kwenye fito kwa kamba ya katani, akaitumbukiza fito majini. Mimi nilishika mashine kwa mkono mmoja na kwa mwingine nikateka kwa kopo maji yaliyoingia. Kidude nilikuwa nimekishusha chini kabisa.

Kioo kikaonyesha kina cha futi kumi na nne, na mstari wa tope. Tukangoja. Kisha mashine ikalia: pi!

"Mmoja," Muthamia akasema, akaandika.

Pi!

"Wawili." Akatazama vizuri. "La. Huyu ni yule yule amerudi." Akafuta. "Hawana alama? Ng'ombe hukatwa sikio."

"Hawana masikio, mzee," Njiru akasema.

"Wa jirani wakiingia humu utawatambuaje?"

Njiru akaizamisha fito zaidi. Nayo mashine ikanyamaza. Tukasogea kaskazini: kimya. Tukasogea kwenye matete: kimya. Jua likapanda. Karwirwa akaanza kuimba wimbo wa maziko kwa sauti ya chini.

Njiru akaniinamia, akanong'ona kwa Kiembu, lugha ya kwetu, "Mjomba, kizungushe."

"Sikizungushi."

"Kidogo tu. Nusu."

"Uongo hauna nusu."

"Mjomba, ni Karambu!" Nami nakiri kwamba kidole changu kilisogea. Nilimtazama yule binti pale ukingoni, kisha nikamtazama baba yake na daftari lake, nikarudisha kidole kwenye kopo.

"Na huyu ni baba yake," nikasema. "Nimefundisha Amri Kumi kwa miaka thelathini na mmoja. Sitaanza kuziacha ndani ya mashua."

"Mnadhani sisi wa Meru hatusikii Kiembu?" Muthamia akauliza. "Kidude hicho hufanya nini?"

Nikamweleza yote. Kikipandishwa, huongeza samaki wasiokuwapo.

"Na sasa kiko wapi?"

"Chini kabisa, muthoni."

Akakitazama mwenyewe kwa muda mrefu. "Kwa hiyo kijana ana samaki mmoja."

"Mmoja wa hakika."

Njiru akafunika uso. Lakini Muthamia hakufunga daftari. Alikuwa amekunja kipaji kwa hasira ya mfugaji aonaye kazi mbaya.

"Ni mifugo gani hii isiyoitwa?" akanguruma. "Mnaketi juu yao kimya kama wezi! Ng'ombe huitwa kwa magadi. Leta hapa!" Akatia mkono katika kikapu cha dada yake.

"Mukimo wangu!" Karwirwa akalia.

"Nyamaza." Akarusha konzi moja, ya pili, ya tatu, kisha akapiga mluzi, ule autumiao Githongo kuwaita ng'ombe wake saba.

Pi.

Pi, pi.

Mashine ikalia mfululizo mikononi mwangu kama kifaranga aliyekanyagwa. Samaki walijaa kiooni, safu juu ya safu, na maji kando ya mashua yakaanza kuchemka kwa migongo na mapezi.

"Wameusikia!" Muthamia akasimama, mashua ikayumba, kofia ikaenda zake. "Wamenijua! Kidude kiko wapi?"

"Chini kabisa!"

"Kaa, Muthamia, utatuzamisha kwa furaha!" Karwirwa akamvuta koti. Kisha akainama, akatazama vinywa vile vikidaka mukimo aliousonga kwa mkono wake, na uso wake ukalegea. "Nyoka hali mukimo," akatamka. "Hawa si nyoka."

Hivyo ndivyo Njiru alivyompata Karambu. Mbuzi na asali vilitolewa kama ipasavyo, lakini Muthamia alidai pia samaki arobaini, nao waachwe bwawani chini ya ulinzi wa mkwewe, kama vile mtu wa milimani anavyoweka mbuzi wake kwa rafiki wa nchi kame.

"Nitawatambuaje, baba?" Njiru akauliza.

"Ni wale waujuao mluzi wangu."

Kila Agosti yeye huja na dada yake na kikapu, hukagua kwanza kidude, kisha huhesabu. Na kila mwaka huandika kwamba wamezaa. Siku ya arusi Karambu alimwekea babake sahani ya samaki wa kukaanga. Muthamia aliigeuza huku na huku, akaitazama kwa makini upande wa kichwa, akairudisha.

"Siwezi," akasema. "Huenda akawa mmoja wa wangu."